Datsun 240Z: kelele za ekzosi zimezidi, zipunguzwe vipi bila kuinyonga injini?

Zeti_Raskazone:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozifahamu hizi gari.

Nina Datsun 240Z ya 1972. Injini ni L24 ile ile ya kiwandani, silinda sita, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi, gia tano, difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 3.9. Manifodi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) ni ya chuma cha kasti, haijabadilishwa. Kuanzia hapo kwenda nyuma mwenye gari wa zamani alibadili kila kitu: bomba la inchi mbili na nusu, katikati kuna kopo moja dogo la sailensa ya kupita moja kwa moja (urefu sm 40, kipenyo sm 12), nyuma hakuna sanduku lolote, ni ncha tu ya kung'aa inayoishia chini ya bampa.

Matatizo ni haya:

1. Asubuhi nikiwasha inalia tiki-tiki-tiki upande wa manifodi. Ikipata moto inapungua sana.
2. Nikitoka usiku mtaa mzima unajua. Huku Raskazone, Tanga, ni kimya, na majirani wana watoto na wazee.
3. Njia ya Segera, gia ya tano, kati ya spidi 90 na 100, unatokea mvumo mzito ndani unaobana masikio. Nikishuka 80 hakuna. Nikipita 110 hakuna.
4. Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapasua pa-pa-pa.
5. Vioo vikiwa wazi nasikia harufu ya moshi ndani.

Mmoja kaniambia nifunge sailensa kubwa na yote yatakwisha. Mwingine kasema nikiziba nyuma injini itakosa nguvu. Sitaki liwe bubu, sauti ya silinda sita naipenda, ila nataka kuendesha kutoka hapa mpaka Lushoto bila kichwa kuuma. Nianzie wapi?

---

Fundi_Bomba_Ngamiani:

Mkuu, umefanya jambo la maana kuzitenganisha, kwa sababu kila kelele hapo ina chanzo chake. Sailensa kubwa itashughulikia namba 2 peke yake. Namba 1 na 4 haitazigusa kabisa, na namba 3 inaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo usinunue kipande chochote cha bomba mpaka umemaliza uvujaji.

Anza na manifodi. Kwenye L24 manifodi ya hewa na ya moshi zote ziko upande mmoja wa silinda hedi, zinakalia gasketi moja, na baadhi ya stadi (bolti zisizo na kichwa zilizosimama kwenye hedi) zinabana zote mbili kwa pamoja kupitia washa nene. Ndiyo sababu gasketi hiyo ikiharibika unaweza kupata hasara mbili kwa mpigo. Moshi unatoroka na kulia tiki. Upande wa pili hewa isiyopita kwenye kabureta inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, silinda inakosa kuwaka vizuri unapoachia mafuta, na petroli ambayo haikuungua inakwenda kulipukia kwenye bomba la moto. Hiyo ndiyo pa-pa-pa yako. Tiki inapungua injini ikichemka kwa kuwa chuma kinatanuka na kubana pengo, si kwamba limepona.

Kabla ya kuilaumu gasketi, pima tapeti, yaani mwanya wa valvu. Injini ikiwa baridi: valvu za hewa 0.20 mm, za moshi 0.25 mm. Ikiwa ya moto: 0.25 na 0.30. Kama tapeti ziko sawa na tiki bado ipo, ni uvujaji.

Kuupata: injini ikiwa baridi kabisa, chukua blowa ya kupulizia vumbi, izungushie kitambaa na uichomeke kwenye ncha ya ekzosi, kisha iwashe. Kompresa ya gereji nayo inafaa, ila fungua hewa kidogo tu. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye manifodi yote, kwenye maungio ya bomba la mbele, kwenye kila klempu na kila weldi. Panapotoa mapovu ndipo pabovu. Hewa kidogo ikitokea kwenye kabureta usishtuke, kuna valvu ambazo ziko wazi hapo injini iliposimama. Angalia pia alama za masizi meusi kwenye hedi, zinaonyesha mkondo wa moshi bila kipimo chochote.

Kufungua ndiko kunakoumiza watu. Stadi za mwanzo na mwisho, hasa ile ya nyuma karibu na ukuta wa kabini, hukatika mara kwa mara. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi. Nati ikigoma ipashe moto yenyewe, usiipashe hedi, maana hedi hiyo ni ya aluminiamu. Stadi ikikatika na kubakiza kichwa kidogo, weldia nati juu yake, iache ipoe kiasi, kisha ifungue taratibu kwenda na kurudi. Joto la weldi peke yake linasaidia kuivunja kutu.

Ukishatoa manifodi, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo). Ya 0.25 mm ikipita, peleka karakana yenye mashine ikasawazishwe. Kuongeza gasketi ya pili au kujaza silikoni ni kupoteza hela, haitadumu.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii. Pima unene wa masikio ya manifodi zote mbili kwa venia (kipimo cha unene), pale washa nene inapokalia. Yakipishana, washa inabana upande mnene tu na ule mwembamba unabaki umelegea hata ukaze mpaka stadi ikatike. Hii hutokea zaidi manifodi moja ikisawazishwa na nyingine ikaachwa. Zisawazishe zote, au ichonge washa ifuate tofauti hiyo.

Rudishia na gasketi mpya, stadi mpya, grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa awamu mbili au tatu. Washa injini ichemke, izime, isubiri ipoe kabisa, kaza tena. Hiyo awamu ya mwisho ukiiruka utairudia kazi yote.

Tahadhari moja: gasketi na pamba za ekzosi za miaka ya 1970 zinaweza kuwa na asbestosi. Usizikwangue kavu wala kupuliza vumbi lake kwa kompresa. Lowesha maji kwanza, kwangua taratibu, funga mabaki kwenye mfuko.

---

Chuma_na_Moto:

Nakubaliana na Fundi Bomba kwa kila neno la manifodi. Mimi naingia kwenye bomba lenyewe.

Inchi mbili na nusu kwa L24 ambayo haijaguswa ni kubwa kupita haja. Injini hii ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha zamani cha Marekani, kwenye mizunguko 5,600. Kwa nguvu hizo bomba la inchi 2 linatosha, na inchi 2 na robo ni ya kutosha kabisa. Ukipanua zaidi ya hapo unapata mlio mzito na mwendo wa moshi unapungua kwenye mizunguko ya chini. Wanaosema injini inahitaji kuzibwa kidogo wanachanganya mambo mawili: kinachosaidia injini ni moshi kwenda kwa kasi ndani ya bomba la kipimo sahihi. Kuziba hakujawahi kuisaidia injini yoyote.

Sasa sailensa. Ziko za aina mbili, na kila moja inaua sauti yake:

- Ya kunyonya: bomba lenye matundu katikati, pamba ya fiberglasi kuzunguka. Inakula sauti kali, zile za juu. Sauti nzito inazipita.
- Ya vyumba: ndani kuna kuta na mabomba yanayopishana. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na nyingine na kuuana. Hii ndiyo inayoshika sauti nzito, lakini inataka ujazo. Sanduku dogo halifanyi kazi hiyo.

Wewe una ya kunyonya moja tu, tena ndogo, na pengine pamba yake ilishaungua na kupeperuka. Igonge kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama debe tupu, hakuna kitu ndani.

Mpangilio ninaoupendekeza: ya kunyonya ibaki katikati, na nyuma iwekwe ya vyumba iliyo kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Hiyo ya nyuma si lazima iagizwe nje. Tafuta sailensa ya nyuma ya Toyota Mark II GX100 au JZX100 iliyotolewa kwenye gari lililogongwa. Kwa nini Mark II? Kwa sababu nazo ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. 1JZ-GE, injini ya JZX100, ni cc 2,491, karibu sawa na yako. Injini ya silinda sita inapiga mapigo matatu ya moshi kila mzunguko, ya silinda nne inapiga mawili, kwa hiyo vyumba vya sailensa ya Carina au Corona, ambazo ni silinda nne, vimepimwa kwa sauti nyingine. Watu hufunga sailensa ya Carina kwenye silinda sita kisha wanashangaa mbona imepungua kidogo tu.

Ukienda kuinunua: itikise, kitu kikicheza ndani iache. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye mshono wa chini na kwenye vifuniko vya mwisho, ndipo kutu huanzia. Iinue, nyepesi kuliko umbo lake ni dalili kuwa kuta za ndani zimeliwa. Na uende na vipimo vya nafasi yako, maana 240Z nyuma ina tangi la mafuta na shimo la tairi la akiba, sanduku la Mark II ni pana. Acha angalau sm 2.5 kati ya sanduku na bodi, na sm 5 au zaidi kutoka kwenye tangi, mipira ya breki na waya. Nafasi ikiwa finyu weka bati la kukinga joto likiwa limeachana na bodi, hewa ipite pande zote mbili.

Kuhusu chuma. Huku kwetu hewa ya bahari inakula bomba la kawaida kutoka nje, na maji yanalila kutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji. Ukitembea Raskazone mpaka Chumbageni na kurudi, ekzosi haipati moto wa kutosha kuyakausha, yanalala kwenye sanduku la nyuma. Toboa kitundu cha mm 3 sehemu ya chini kabisa ya sanduku. Hakiongezi kelele ya kusikika, na kinarefusha maisha ya sanduku.

Stenlesi 304 ni bora kama mfuko unaruhusu. Sumaku haiishiki. Ikishika, huenda ni 409, ambayo ni nzuri pia lakini itapata kutu ya juu. Kuunganisha 304 na chuma cha kawaida tumia rodi ya E309L. Bomba la galvanaizi la maji usiruhusu likaribie gari lako: moshi wa zinki wakati wa kuweldi unamletea fundi homa, na chuma chake ni kizito bila faida yoyote.

Kama fundi anatumia weldi ya umeme ya rodi, bomba la geji 16 lina unene wa mm 1.6 tu, rodi ya mm 2.5 inalitoboa kirahisi. Mwambie atumie rodi ya mm 2.0 ya E6013, ampea 40 hadi 60, mishono mifupi mifupi. Ashike kwa vidonda vitatu (weldi ndogo za kushikilia tu) garini ili kupata mkao, kisha alitoe bomba lote na kulimalizia chini. Tangi la petroli liko pale pale nyuma, hakuna sababu ya kuweldi chini yake. Na hata kwa vile vidonda vitatu: kichwa hasi cha betri kitolewe, waya za alteneta zichomolewe, klempu ya athi iwe karibu kabisa na weldi.

---

Kijana_Makorora:

Samahani wakuu kuingilia. Pamba ya fiberglasi ni shida kuipata kwa wakati, na Tanga mkonge umejaa. Nyuzi za mkonge hazifai kujazwa kwenye kopo la katikati? Na ile pamba ya kuzuia joto darini je?

---

Chuma_na_Moto:

Mdogo wangu, mkonge hapana. Ni nyuzi za mmea, zinaanza kuharibika joto likipita nyuzi 200, na katikati ya ekzosi kwa safari ndefu ni zaidi ya hapo. Zitafuka, zitawaka, halafu zitatoka nyuma vipande vyenye moto. Pamba ya dari nayo imeshikwa kwa gundi, gundi ikiungua nyuzi zake fupi zinapeperuka zote.

Kinachofaa ni fiberglasi ya nyuzi ndefu, ile inayouzwa kama kamba au mkeka kwa ajili ya sailensa za pikipiki. Kwanza zungushia bomba lenye matundu tabaka la waya laini wa stenlesi, unene wa mm 5 hivi, ndio unaozuia nyuzi zisifyonzwe na moshi. Juu yake ndiyo fiberglasi. Kiasi ni gramu 100 hadi 150 kwa kila lita ya nafasi. Kopo la Zeti aliyeuliza, sm 40 kwa sm 12 na bomba la inchi mbili na nusu katikati, lina nafasi ya lita 3.3 hivi, kwa hiyo gramu 350 hadi 450. Ukishindilia kupita hapo inageuka kuwa ukuta, sauti haiingii. Ukilegeza, inakusanyika upande mmoja. Vaa glavu na barakoa.

---

Hezi_na_Mita:

Naomba nichukue namba 3, mvumo wa spidi 90 mpaka 100, kwa sababu huo unahesabika.

Injini ya silinda sita: chukua mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 20, unapata sauti yake kuu kwa hezi (mitetemo kwa sekunde). Kwa difu ya 3.9 na gia ya tano, spidi 95 ni karibu mizunguko 2,700. Gawanya kwa 20, ni hezi 135. Hewa iliyo ndani ya kabini, mlango wa nyuma na bati la sakafu vinaitikia sauti hiyo, ndiyo maana unaisikia masikioni kuliko kwenye bomba. Ukishuka 80 mapigo yanahama, bodi haiitikii tena.

Kwanza thibitisha ni ekzosi. Weka kwenye simu programu inayoonyesha sauti kwa hezi, mpe abiria aishike kichwani kwake, uendeshe kwa spidi ile. Kilele kikiwa 130 hadi 145, ni mapigo ya moshi. Kikiwa 45 hadi 55, achana na ekzosi, angalia propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), joinzi zake, na maunti za injini na gia boksi. Jaribio la pili: kwenye spidi hiyo hiyo, barabara ikiwa tupu na imenyooka, kanyaga klachi na uachie mafuta. Mvumo ukibaki, ni propela, difu au tairi.

Ukishathibitisha, dawa yake ni bomba la tawi lililozibwa mwisho. Unatoboa bomba kuu, unaunganisha kipande cha bomba la inchi 2, mwisho wake umezibwa kabisa. Sauti inaingia kwenye tawi, inagonga mwisho, inarudi ikiwa imegeuka, inakutana na ile inayopita na kuifuta. Moshi haupiti humo, kwa hiyo injini haizibwi hata kidogo.

Urefu wa tawi ni mwendo wa sauti ugawanywe kwa mara nne ya hezi. Mwendo wa sauti unategemea joto, na humu ndiyo watu wanakosea: wanatumia mita 343, ambayo ni ya hewa ya kawaida ya nyuzi 20. Ndani ya tawi kuna joto. Kwa nyuzi 125 sauti inakwenda mita 400 kwa sekunde, kwa nyuzi 200 ni mita 436. Kwa hezi 135:

- mita 400: sm 74
- mita 436: sm 81

Tofauti ya sm 7 inatosha kulikosa lengo. Kwa hiyo usiweldi mwisho moja kwa moja. Kata tawi la sm 90, tengeneza kizibo kinachoteleza ndani, chenye fito ya kukivutia na klempu ya kukishika. Endesha dakika 20 ili chuma kipate joto lake la kawaida, sikiliza, sogeza kizibo sm 2, endesha tena. Ukishapata mahali mvumo unapotulia, weka alama na uweldi hapo. Ukipima gari likiwa halijapata moto utaweldi sehemu isiyo sahihi.

Tawi likunjwe lirudi sambamba na bomba kuu ili lisichukue nafasi, tundu la kuungia liwe na upana wote wa tawi, na mwisho uliozibwa uwe juu kidogo kuliko mdomo, vinginevyo maji yatalala humo na kulitoboa. Mahali pake ni kati ya kopo la katikati na sanduku la nyuma. Lipe raba yake ya kuning'inia, usiliache libebwe na mshono wa weldi.

Na ufahamu mipaka yake. Tawi linaziba eneo dogo la mizunguko, halipunguzi kelele ya mtaani. Lifunge ukishamaliza kufunga sanduku la nyuma na kulisikiliza, kwa sababu sanduku jipya linaweza kuhamisha mvumo au kuumaliza bila tawi.

---

Pwani_Klasiki:

Ndugu yangu, hiyo namba 5 isiachwe mwisho kwa kuwa imeandikwa mwisho. Harufu ya moshi maana yake kuna kaboni monoksidi pia ndani ya kabini, na hiyo yenyewe haina harufu. Maumivu ya kichwa ya safari ndefu yanaweza kuwa ni hiyo, si kelele.

Mgongo wa 240Z unakatika ghafla nyuma. Gari likienda, nyuma yake hewa inazunguka na kurudi kwenye mlango wa nyuma. Ncha yako inaishia chini ya bampa, kwa hiyo moshi unamwagwa ndani ya mzunguko huo huo, na ukifungua vioo vya mbele unauvuta kabini kupitia upenyo wowote wa nyuma. Refusha ncha itokeze sm 5 hadi 8 nje ya bampa, ielekee nyuma. Ukiikunja chini, moshi unarudi chini ya gari.

Halafu ziba nyuma yote. Mpira wa mlango wa nyuma: weka kipande cha karatasi, funga mlango, kivute. Kikitoka bila upinzani mpira umekufa au mlango haujakaa sawa. Zungukia mlango wote hivyo. Raba za taa za nyuma hukauka na kupasuka, na watu wengi hawazifikirii kabisa. Vizibo vya mpira vya sakafu ya buti, tundu la waya za namba, mipira ya tangi na mabomba yake ya hewa. Usiku mtie mtu ndani, funga kila kitu, wewe zunguka nje na tochi kali. Anapoona mwanga ndipo moshi na kelele vinapoingilia. Ukishaziba vizuri, kelele za ndani zinapungua kabla hujagusa bomba.

Sakafu: mkeka wa butili wenye foili, si ule wa lami. Lami kwa jua la Tanga inalainika, inanuka na kuachia. Huna haja ya kufunika bati zima, robo hadi theluthi ya kila bati, katikati yake, inatosha kuliua lisitetemeke. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Juu yake sponji isiyonyonya maji, kisha zulia zito. Usiweke gunia wala majamvi chini ya zulia, yanashika unyevu wa pwani na sakafu ya Datsun inaoza kimya kimya.

Na chungulia chini kama bomba linagusa popote. Raba za kuning'iniza zikikauka zinakuwa ngumu kama mbao, na kuna mafundi huweldi fito ya nondo moja kwa moja kutoka bomba hadi bodi. Hapo bodi yote inageuka spika. Likamate bomba kwa mkono likiwa baridi na ulitikise kila upande: lisogee, lisigonge.

---

Zeti_Raskazone:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la blowa na sabuni: mapovu yametoka silinda ya sita kwenye manifodi na kwenye ungio la bomba la mbele. Tapeti ziko sawa. Raba za taa za nyuma zote mbili zimepasuka. Maswali mawili yaliyobaki: baada ya haya yote kabureta ziguswe? Na nitajuaje kwa kipimo kwamba imepungua, si kwa hisia?

---

Fundi_Bomba_Ngamiani:

Silinda ya sita ndipo ilipo ile stadi ya nyuma, nenda nayo taratibu.

Kabureta zisiguswe kabla ya gasketi mpya. Mara nyingi aliyezitengeneza mara ya mwisho alizipimia kwenye uvujaji, kwa hiyo ukiziba utakuta mchanganyiko umekuwa mzito. Anza upya: kaza nozo za Hitachi mpaka juu, kisha zishushe mizunguko miwili na nusu kila moja, jaza oili ya SAE 20 kwenye vikombe vya juu. Sawazisha hewa ya kabureta zote mbili kwanza, ndipo urekebishe mchanganyiko. Endesha umbali wa kutosha, Kange mpaka Muheza inafaa, kisha fungua plagi zote sita. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Nyeusi kavu ni nzito, nyeupe ni nyepesi. Plagi za mbele zikitofautiana na za nyuma, kabureta hazijasawazishwa. Kama bado inapasua ukiachia mafuta, angalia taimingi (wakati plagi inapowasha), ikichelewa moto unamalizikia kwenye bomba.

---

Hezi_na_Mita:

Kipimo: simu iwe nusu mita kutoka kwenye ncha, nyuzi 45 pembeni, kimo sawa na ncha. Injini ishikiliwe kwenye robo tatu ya mizunguko ya nguvu kuu, kwako ni 4,200. Pasiwe na ukuta wala gari jingine karibu. Pima asubuhi kabla upepo wa bahari haujaanza, upepo kwenye maiki unaongeza namba za uongo. Simu haitakupa desibeli sahihi kama kipimo cha maabara, lakini ikiwa ni simu ile ile, mahali pale pale, tofauti kati ya kabla na baada itaaminika, mradi namba haigandi kwenye kikomo cha maiki. Ikiganda, rudi nyuma mpaka mita 2, na upime hapo mara zote.

Pima leo kabla hujafungua chochote, pima baada ya gasketi, pima baada ya sanduku. Ikishuka desibeli 3 utaiona kwenye simu na sikio litaisikia kidogo. Ikishuka 10, sikio linaihesabu kuwa nusu.

Watu wengi wanataka 240Z ilie kama zile zilizoshinda East African Safari 1971 na 1973. Zile zilikuwa za mashindano. Kwa la kwako, ukiweka sanduku la vyumba la nyuma na kujaza upya kopo la katikati, ile sauti ya silinda sita itabaki, utaisikia ukikanyaga kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto. Tawi lisubiri mpaka umelisikiliza gari likiwa na sanduku jipya njia ya Segera. Lete namba za kilele hapa, tutakupigia hesabu ya urefu wake.